Utepe Usio na Kiungo

Mara ya kwanza Inspekta Majaliwa aliusikiliza ule utepe kama Bagamoyo nzima ilivyousikiliza, yaani kwa masikio ya kutafuta maneno, na maneno aliyapata. Mara ya pili alitafuta ulevi, hofu, au mtu anayesemeshwa kwa nguvu. Hakupata kitu. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumanne ya tarehe tisa Julai mwaka 1957, naye alikuwa ofisini mwake kituoni, spika za masikioni zimembana kichwa, akiusikiliza kwa mara ya nne.

"Biubwa," ilisema sauti ya marehemu Mzee Mwinyijuma. "Nimekuacha. Talaka tatu."

Basi, hakuna zaidi. Kabla ya maneno hayo kulikuwa na sekunde kumi za chumba kitupu chenye saa ya ukutani, na baada yake chumba kile kile na saa ile ile.

Mzee Mwinyijuma alikuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa kale, mtu wa maneno mengi na maradhi machache, na alianguka sebuleni kwake tarehe nne ya mwezi wa Juni, akafa kabla ya kuletewa maji. Hawakujaliwa mtoto. Mkewe, Bi Biubwa, akaingia eda. Kisha, wiki moja iliyopita, akatokea Mwinshehe, mtoto wa kaka wa marehemu, fundi wa kunasa sauti katika studio moja ya Dar es Salaam, na mkononi ana rili ya utepe. Akadai kwamba siku kumi kabla ya kufa, mkewe akiwa Zinga kwenye mazishi, ami yake alikaa mbele ya maikrofoni akamwacha mke huyo. Kama ni kweli, basi hapana mjane, hapana eda ya kufiwa, na nyumba yote ni ya Mwinshehe. Liwali, ambaye tangu aanze kuamua kesi hajawahi kuletewa mashine kuwa shahidi, aliwaomba polisi jambo moja tu: wamwambie kabla ya Alhamisi kama utepe huo ni wa kweli.

Majaliwa alivua spika. Mwinshehe alikuwa amekaa mbele yake, kijana wa miaka thelathini, safi, kucha zimekatwa vizuri, na mikono yake ilitulia juu ya magoti.

"Maikrofoni ilikuwa wapi?"

"Juu ya meza ya sebuleni. Mkono mmoja kutoka kwenye mdomo wa ami."

"Na umeme?"

"Betri ya gari. Huwa naibeba."

"Ilikuwaje ukawa unanasa wakati huo huo?"

"Nilikuwa naijaribu mashine. Ami akaniambia niiache iendelee, ana neno anataka liwekwe."

Majaliwa aliwasha tena. Rili mbili zilianza kuzunguka, utepe ukapita mbele ya kichwa cha kunasia, na sindano ya kipimo ikatikisika kidogo kwa kila mlio wa saa. Safari hii hakusikiliza neno. Alishika penseli akawa anagonga meza pamoja na ile saa, ta, ta, ta. Jina lilipotajwa penseli iligonga, lakini saa haikuwepo. Ilikuja baadaye, imechelewa, kama mtu aliyekosea ngazi.

Jambo hilo asingelisikia mtu mwenye nyumba ya kelele. Majaliwa alihamishiwa Bagamoyo kutoka Pangani miaka miwili nyuma, mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe, na katika nyumba yake ya serikali kilichokuwa kikizungumza ni saa ya ukutani tu. Alikuwa mpweke na alilijua hilo bila kulifanyia hadithi. Mlio wa saa alikuwa ameuzoea kiasi kwamba ukikosea anaamka.

"Hapa saa imeruka," alisema.

Mwinshehe hakupepesa jicho. "Nilikata kikohozi. Ami alikohoa baada ya kutaja jina. Ndiyo kazi yetu, bwana, hatumpi msikilizaji kikohozi."

"Ulikata na nini?"

"Wembe. Unakata, unatoa kipande, unaunga."

Jibu lilikuwa limekamilika, na Majaliwa aliona kitu pekee alichokuwa amekinasa kinamponyoka kama sabuni. Aliandika neno "wembe" kwenye daftari lake, akamruhusu aende.

Saa nne alipiga hodi nyumbani kwa marehemu. Alifunguliwa na Dija, mdogo wake Bi Biubwa, aliyekuja kumwangalia dada yake kipindi cha eda, naye akamwonyesha kiti upande wa huku wa pazia. Mjane alikuwa upande wa pili. Ilikuwa nyumba kubwa ya mawe, na ukikaa sebuleni husikii hata baiskeli inayopita njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kaa hapo hapo kwenye kiti chake. Hana tena wa kugombana naye."

"Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa."

Majaliwa alimwuliza kama sauti aliyochezewa mbele ya wazee ni ya mumewe kweli. Alikuwa na tumaini dogo, ambalo tangu jana alilitunza, kwamba yupo mtu mahali fulani anayeweza kumwigiza mzee yule.

"Ni yake," alisema Bi Biubwa. "Miaka thelathini na moja nimeisikia. Nitaikosea?"

"Alikuwa na kikohozi?"

"Tangu kaskazi. Usiku na mchana."

Matumaini mawili yalizimika kwa pumzi moja. Majaliwa alifunga daftari, na Bi Biubwa, ambaye hakuliona, alisema kama aliyeliona.

"Mwanangu, mimi sikuulizi habari ya nyumba. Nyumba ni mawe. Nakuuliza, alisema au hakusema? Maana kama alisema, basi wiki tano hizi nimekaa eda isiyokuwa yangu, nikimlilia mume asiye wangu. Wanawake wanakuja kunipa pole na mimi naipokea. Pole ya nini? Dija ameshanifungia nguo zangu. Niambie tu kwamba alisema, nitoke leo, nisikae kwa haramu hata siku moja."

"Hukuwahi kugombana naye?"

"Tuligombana kila siku. Hakuna siku aliyotaja talaka."

Saa ya ukutani, ile ile ya kwenye utepe, ilikuwa ikienda sawasawa juu ya kichwa cha Majaliwa. Alikuwa amekwisha inuka kuaga pale aliposikia pazia likiguswa.

"Kuna kitu," alisema Bi Biubwa. "Labda ni upuuzi wa mwanamke mzee. Lile jina alivyolitaja."

"Alilitajaje?"

"Ndivyo alivyoniita nikiwa uani. Analivuta kule mwisho. Nikiwa karibu haniiti jina. Nikiwa karibu ananiita 'wewe'."

Majaliwa alikaa tena. "Siku anayoisema Mwinshehe wewe ulikuwa Zinga."

"Nilikuwa Zinga namzika mama mdogo. Dija tulikuwa naye."

"Basi aliyekuwa uani ni nani?"

Dija, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivuta pumzi kwa nguvu.

"Aliwahi kunaswa sauti siku nyingine?" aliuliza Majaliwa.

"Mara moja tu, mwezi wa Rajabu. Mwinshehe alikuja na mashine yake akamnasa hadithi, ya kupelekwa studio. Haijatoka bado. Alikuwa anaingoja kama mtoto anavyongoja sikukuu."

Gari la polisi lilimfikisha Dar es Salaam saa nane, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Studio ilikuwa Kariakoo, nyumba ya vyumba vitatu ambayo madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa magodoro. Mwenye studio alikuwa safarini. Aliyekuwepo ni Bi Mardhiya, msichana mrefu mwenye miwani, kazi yake kuunga tepe, kuzitunza, na kuandika daftari la nani amechukua nini.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema Majaliwa, akamkabidhi rili. "Maana sijui kitu."

Bi Mardhiya hakuiweka kwenye mashine. Aliwasha taa ya meza, akauvuta utepe polepole kwa mkono, mgongo wa utepe umeelekea kwenye mwanga, kidole gumba kikipita juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Ilichukua dakika kumi.

"Nani amekwambia umekatwa?"

"Aliyeukata."

"Haujakatwa. Utepe ukikatwa kwa wembe unaungwa nyuma kwa kipande cha utepe wa gundi. Kiungo unakiona, na usipokiona utakigusa. Huu hauna hata kimoja."

"Lakini saa inaruka. Nimeisikia."

Ndipo akauweka kwenye mashine, akasikiliza, akaurudisha, akasikiliza tena. "Umesikia sawa," alisema. "Saa inaruka, utepe hauruki. Maana yake uliokatwa ni mwingine, na huu ni nakala yake. Mtu ameunga maneno, kisha akaunasa upya kutoka mashine moja kwenda nyingine, ili viungo visionekane."

Majaliwa alikuwa akifikiri juu ya mtu aliyeeleza kwa utulivu habari za wembe na kuunga, akisahau kwamba utepe aliouleta mwenyewe ungemsuta.

"Tazama sindano," aliendelea Bi Mardhiya. "Kwenye jina inafika hapa. Kwenye talaka inafika hapa hapa. Sawasawa kabisa, siyo? Sasa usisikilize mtu, sikiliza nyuma yake."

Majaliwa alisikiliza. Nyuma ya jina palikuwa na uvumi mdogo, kama wa mvua ya mbali. Nyuma ya maneno ya talaka mvua ilikuwa imekaribia.

"Ukipandisha sauti iliyonaswa ndogo, uvumi nao unapanda," alisema Bi Mardhiya. Alinyoosha kidole kwenye kisanduku cha bati chenye vitufe vinne vya kuzungusha. "Hiki ndicho cha kuchanganyia. Kila sauti na kitufe chake. Jina lilikuwa la mtu anayeita kwa nguvu, likashushwa. Talaka ilisemwa taratibu, kwa sauti ya chini, ikapandishwa. Aliyefanya anaijua kazi."

"Hadithi ya Mzee Mwinyijuma, ya mwezi wa Rajabu. Unayo?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa hadithi ya tajiri mmoja aliyemwacha mkewe kwa sababu ya ndege anayesema uongo, na katikati yake tajiri anasema maneno yale yale, kwa upole, kwa sauti ya chini. Bi Mardhiya aliuvuta utepe chini ya taa kama mwanzo. Viungo alivikuta vingi, vya rangi ya manjano, mahali palipoondolewa kukohoa na kukosea. Alipofika kwenye maneno ya tajiri akasimama. Hapo palikuwa na viungo viwili, kimoja kabla na kimoja baada, navyo vilikuwa vyeupe.

"Hivi siyo vyangu," alisema.

"Vina tofauti gani?"

"Gundi ya manjano ilikwisha. Nyeupe tumeletewa juzi juzi." Alifungua daftari. "Tarehe ishirini Juni. Kabla ya hapo haikuwepo nyeupe humu ndani."

Mzee Mwinyijuma wakati huo alikuwa na siku kumi na sita kaburini.

"Na rili hii ilichukuliwa lini?"

"Tarehe ishirini na nne. Sahihi ya Mwinshehe."

Jina lilibaki. Katika hadithi tajiri hamtaji mkewe kwa jina, kwa hiyo jina lilitoka mahali pengine. Majaliwa aliuliza vipande vinavyokatwa huwa vinatupwa wapi, na Bi Mardhiya akamtazama kama aliyeuliza watoto huwa wanatupwa wapi. Studio ile haikutupa kipande. Kila kilichoondolewa kiliviringishwa, kikaandikwa kimetoka wapi, kikawekwa kwenye kopo la biskuti. Katika kopo la Rajabu kilikuwemo kimoja kirefu, kimeandikwa kwa penseli: "Mzee anaita mtu wa ndani." Nacho kilikuwa na viungo viwili vyeupe, na kati ya viungo hivyo utepe wenye urefu wa kiganja.

Walikicheza. Mzee alikuwa katikati ya hadithi, akasita, akaita, "Biubwa!" kwa sauti iliyovutwa mwishoni. Maneno mengine yakafuata, ambayo hayakuuhusu upelelezi, lakini Majaliwa aliyasikiliza mpaka kipande kikaisha na ncha yake ikawa inapigapiga kwenye rili. Kisha akatia sahihi kwenye daftari kama mtu mwingine yeyote, akavichukua vyote viwili, rili ya hadithi na kile kipande.

Asubuhi ya Jumatano alimwita Mwinshehe. Mezani alikuwa ametandika karatasi nyeupe, na juu yake kile kipande.

"Ulikata kikohozi," alisema.

"Nilikwambia."

"Utepe ulioleta hauna kiungo."

Mikono juu ya magoti ilisogea kidogo. "Niliuhamishia kwenye utepe mwingine. Kwa usalama."

"Ule wa kwanza uko wapi?"

"Nimeufuta. Tepe ni ghali."

"Hiki hukukifuta." Majaliwa alikisogeza mbele. "Jina limekatwa hapa na likarudishwa hapa hapa. Kwenye hadithi, talaka imekatwa na ikarudishwa. Kwa gundi iliyoingia studio siku kumi na sita baada ya maziko. Ulikata, ukaunga unachotaka, ukanakili, kisha ukarudisha kila kipande mahali pake."

Mwinshehe alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni, ila uchovu.

"Ungekitupa nisingekuwa na kitu," alisema Majaliwa. "Kwa nini ulivirudisha?"

"Hadithi ingebaki na pengo." Alisema kana kwamba jambo hilo halihitaji maelezo. "Ilikuwa hadithi nzuri, bwana. Ami alikuwa anaingoja itoke."

"Na mkewe?"

"Zile kuta," alisema Mwinshehe. "Umekaa pale ndani. Hapaingii sauti. Dar nzima hakuna chumba kama kile, tunaziba madirisha kwa magodoro. Nilitaka studio yangu mwenyewe. Nilimwomba mkewe anipishe vyumba vya chini tu, akasema atatoka humo kwa jeneza. Nikaona maneno mawili matatu, basi, hayamuui mtu."

Majaliwa aliandika yote, akamsomea, akampa kalamu. Sahihi yake ilikuwa nzuri kuliko ya Inspekta.

Kazi ilikuwa imekwisha, na angeweza kumtuma askari na barua. Lakini alipakia mashine na betri kwenye gari mwenyewe, akaenda nyumba ya mawe, akaviweka juu ya meza ya sebuleni. Dija alikaa chini karibu na pazia. Majaliwa alieleza kwa ufupi: hakusema. Maneno ni ya tajiri wa kwenye hadithi, jina ni la siku nyingine, na Mwinshehe amekiri.

Bi Biubwa alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kisha akawa analia, na hakuna aliyemzuia.

"Hilo jina," alisema alipotulia. "Alikuwa ananiitia nini?"

Majaliwa aliwasha mashine.

"...basi tajiri akaingia ndani," ilisema sauti ya Mzee Mwinyijuma, "akamkuta mkewe amekaa. Biubwa! Biubwa, njoo basi ukae hapa. Huyu mtoto na mashine yake hawaitikii, amekatazwa hata kucheka. Hadithi isiyoitikiwa naisimuliaje? Nauambia ukuta. Njoo uniitikie."

Saa ikagonga mara tatu. Kisha, mbali sana, ndogo, sauti ya mwanamke ikatoka uani: "Nina kazi mimi! Wasimulie hao hao!"

Mzee akacheka, akakohoa. Kiti kikalia. "Haya," alisema taratibu, na utepe ukaisha.

Dija alikuwa ameinamisha uso.

"Ile ya nyuma ni mimi," alisema Bi Biubwa.

"Ndiyo, mama."

"Mashine ikanifikia mpaka uani?"

"Ilikufikia."

"Na Liwali kesho ataisikiliza?"

"Itabidi aisikilize yote."

"Basi watajua wote kwamba aliniita na nikakataa."

"Liwali ana swali moja tu," alisema Majaliwa, na sauti yake haikuwa ya kituoni. "Siku aliyokufa, ulikuwa mkewe au hukuwa mkewe."

"Nilikuwa mkewe," alisema Bi Biubwa nyuma ya pazia. "Ndiyo sababu sikwenda, mwanangu. Nilijua ataniita tena."

Majaliwa akaurudisha utepe mpaka mwanzo bila kuombwa, akaiwasha mashine tena.